Mgeni Amekula

Nyumbani kwetu bunduki haikuitwa bunduki. Iliitwa mgeni. Baba ndiye aliyeipa jina hilo, kwa sababu ilitoka Ujerumani ikaja vitani na haikurudi kwao, na kwa sababu alijua watoto hatuna breki mdomoni. Mtoto akisema shuleni kwamba jana baba alikuwa anamsafisha mgeni, wenzake watacheka tu, watadhani mgeni mwenyewe alikuwa mlevi. Akisema baba alikuwa anasafisha bunduki ya vita, kesho yake gari la polisi liko uani.

Niseme mapema kwamba mimi ni mwoga. Naogopa radi, naogopa mbwa hata akiwa amefungwa, naogopa kupigiwa simu na namba nisiyoijua. Wapo watu wakisimulia mambo kama haya hujiweka mbele, kifua wazi. Mimi nitasimulia nikiwa nimekaa kwenye kiti cha sebuleni kwa mama, magoti yanagongana, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa.

Baba alikuwa askari wa wanyamapori mpaka alipostaafu, akarudi kijijini kwetu, upande wa Sepuka, kulima alizeti na mtama. Wanaume wa rika lake walikusanya ng'ombe. Yeye alikusanya bunduki za kijeshi za zamani. Akisikia mahali fulani kuna familia imeachiwa silaha ya kale na inataka kuihamisha kisheria, anapanda baiskeli anaondoka, na mama anabaki kunung'unika kwa Kinyaturu mpaka jioni. Alifanikiwa kupata mbili, zote na vibali vyake, zikakaa kwenye kabati la chuma lenye kufuli. Alizipangusa, alizipaka mafuta, aliongea nazo. Watu wa wilayani walimjua, na kila walipoitisha uhakiki wa silaha alikuwa wa kwanza kufika, amenyoosha shati.

Mgeni alikuwa wa tatu, na hakukaa kabatini. Alikaa juu ya kenchi, chini ya bati, amefungwa kwenye blanketi la kijivu. Huyo hakununuliwa. Babu alikuja naye kwa miguu kutoka upande wa reli, kule Itigi, vita ya Mjerumani na Mwingereza ilipompita kichwani na kumwacha hai. Kibali hakikuwahi kuwepo. Mwanzoni hakuna aliyeuliza, na baadaye ilikuwa imeshachelewa kueleza. Baba, mtu wa sheria kuliko padri, alikuwa na kosa hilo moja juu ya kichwa chake usiku na mchana, na alilipenda kuliko zile mbili halali.

Jumapili baada ya ibada mlango ulifungwa. Baba alimshusha mgeni, akamlaza kwenye mkeka, yeye akakaa nyuma kwenye kitako, mama na mimi tukakaa mbele kwenye mdomo. Kazi ya nyuma ilikuwa ya baba peke yake. Alikuwa anainua komeo la chuma, analivuta, analitoa lote, halafu anasema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo: “Mgeni hajala.” Sisi tunaitikia: “Hajala.” Hapo ndipo tuliporuhusiwa kuweka jicho mdomoni. Anapitisha kitambaa, anatia tone la mafuta, anauliza, “Unaona mwanga?” Nami naangalia ndani ya lile bomba, naona mistari inazunguka kuelekea kwenye mwanga, mfano wa ganda la chungwa linalomenywa bila kukatika. Nasema, “Naona.” Tukitoka hapo kila mmoja ana duara la mafuta kuzunguka jicho, na baba anatucheka kwamba tumevaa miwani nusu.

Mwisho kabisa alilirudisha komeo, akauelekeza mdomo kwenye ukuta wa udongo usiokuwa na mtu nyuma yake, akabonyeza kile kichuma cha chini cha kufyatulia. Kilisikika kimlio kidogo tu, tk. “Amelala,” anasema baba, na mgeni anarudi juu ya kenchi. Nilikuwa naruka kila kikilia. Nilijua hakuna kitu ndani, nilikuwa nimeitikia kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba hajala, na bado nilikuwa naruka.

Katika nyumba yote kulikuwa na risasi moja tu ya mgeni. Ilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga, imezungushiwa pamba, shaba yake imeshika ukijani. Baba alisema ni ya ukumbusho. Sikuwahi kuigusa, na sikuwahi kupita karibu na lile kopo bila kulitazama.

Kiangazi kile cha mwisho cha baba, fisi walikuwa wametuzoea. Walibeba mbuzi wa jirani, wakarudi kwetu. Zile bunduki mbili zilikuwa wilayani kwenye uhakiki. Jioni moja mama alimwona baba anamshusha mgeni, na haikuwa Jumapili. Alikaa naye nje kwenye zizi mpaka giza lilipoanza kuingia. Fisi walicheka huko mbali mabondeni na hawakusogea. Baba akarudi ndani, akampandisha mgeni kenchini, akala mlenda na ugali, akalala. Asubuhi hakuamka vizuri. Mdomo ulikuwa umevutwa upande, mkono wa kulia umekufa.

Nilifika kutoka mjini siku hiyohiyo. Nyumba ilikuwa imejaa, maana baba alikuwa mtu wa watu, na wanawake walikuwa jikoni wanapika kwenye masufuria ya msiba kabla hata msiba haujawa. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza ulimi. Maneno yalitoka, lakini sauti ilikuwa bapa, haipandi wala haishuki, na mengi hatukuyashika. Moja tulilishika, kwa sababu alilirudia mara nyingi, macho yake yamemkazia mama.

“Mgeni amekula.”

Tukatazamana, machozi yakatulengalenga. Ndivyo alivyokuwa. Mtu anakufa na bado anauliza kama mgeni amekula. Mama akamshika mkono ule wenye uhai akamwambia, “Amekula, baba. Wageni wote wamekula. Tulia.”

Akamtazama mama kwa muda mrefu, akashusha pumzi, akafumba macho. Tangu hapo hakulisema tena. Alituacha kabla mvua hazijaanza.

Baada ya matanga tulifanya kama sheria inavyotaka. Kaka zake baba walikwenda wilayani na vibali, zile bunduki mbili zikabaki mikononi mwa serikali, tukashukuriwa. Kuhusu mgeni hakuna aliyefungua mdomo. Nilimsihi mama tumtoe. Nilimwambia anachokijua, kwamba mtu akikutwa na silaha ya vita isiyo na kibali hapewi onyo, anafungwa, na kifungo chake si cha kuvumiliwa na mwanamke mwenye magoti mabovu na presha.

“Nitamsemaje?” mama akasema. “Niseme nimelala chini yake maisha yangu yote na sikumwona?”

Nikarudi mjini kwenye cherehani yangu, na woga ukahamia huko. Kila gari la polisi lililopita mbele ya kibanda changu lilinisimamisha sindano. Nilikuwa nashona sare za kwaya huku nikimwona mama yangu kizimbani, amejifunga khanga yake ya kanisani, hasikii vizuri anachoulizwa na hakimu.

Kisha likaja tangazo. Lilipita kwenye redio, likapita na gari la kipaza sauti: anayemiliki silaha kinyume cha sheria aisalimishe kwa hiari, pamoja na risasi zake, na hatashtakiwa, ilimradi afanye hivyo kabla muda uliotolewa haujaisha. Ukiisha, msako. Sikumaliza hata shati nililokuwa nalo mkononi. Nilifunga kibanda nikaenda nyumbani.

Mama alikubali, na hapo nilitakiwa kushangaa, kwa sababu mama hakubali kitu kirahisi. Akaweka sharti.

“Lakini siwezi kumtoa mgeni mchafu mbele za watu. Ametukalia vizuri. Baba yako ataniambia nini?”

“Mama, baba amekufa.”

“Ndiyo maana siwezi kumwaibisha.”

Akamshusha mwenyewe, magoti yake mabovu juu ya kinu, mimi nimeshika kinu na kusali. Alipolifungua blanketi nikaona kilichotokea. Baba alikuwa na chupa yake ya mafuta ya bunduki, na chupa ile iliisha. Mama, mwanamke wa Singida, mke wa mkulima wa alizeti, akaona kuna haja gani ya kununua mafuta wakati nyumba ina madumu. Tangu matanga yaishe alikuwa anampaka mgeni mafuta ya alizeti, na hakumpaka kwa ubahili.

Mimi ni fundi cherehani. Kila mwezi naletewa cherehani zilizoganda na wanawake wanaolia kwamba mashine imekufa. Haijafa. Mtu ameweka mafuta ya kupikia. Ya alizeti ndiyo mabaya zaidi: mwanzo yanateleza vizuri, halafu yanakauka taratibu yanakuwa utomvu wa rangi ya asali, yanashika chuma na chuma mpaka utumie mafuta ya taa na uvumilivu. Mgeni alikuwa ameganda hivyo. Komeo halikuinuka. Kichuma cha chini kilikuwa kimezama kwenye utomvu. Nyuma ya komeo palikuwa na kaulimi kadogo ka chuma, kamelala upande, nako kameshikwa.

“Kila Jumapili najaribu,” mama akasema. “Komeo linagoma. Nampaka, namwangalia mdomoni kama pameanza kuwa na mwanga, halafu namlaza. Hata kulala halali.”

Tukakaa kama zamani, ila nafasi ya baba aliichukua mama. Mimi nikakaa mbele. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye watoto wangu, na nikaweka jicho mdomoni kwa sababu mama alisema weka.

“Unaona mwanga?”

“Giza.”

“Usiondoe jicho. Ngoja nimlaze, labda atalegea.”

Nilisikia anasukuma kidole kwenye kile kichuma, nikasikia anaguna, na ile bunduki nzima ikatikisika kwenye mfupa wa jicho langu. Hakuna kilichotokea. Nilijitoa kwa sababu tone la alizeti lilikuwa limeniingia machoni linachoma. Mama akanicheka, akasema nimevaa miwani nusu.

Nilimwambia aache, asimguse mpaka nirudi na mafuta ya cherehani. Nikarudi mjini, na katikati ya wiki nikampigia simu kuulizia. Kosa lilikuwa langu. Kwa mama mtandao unapatikana kwenye kichuguu kilicho kando ya njia ya kisimani, na mama, kwa kuwa masikio yamechoka, anadhani na wengine wote yamewachoka. Alinijibu kwa sauti ya kuitia ng'ombe.

“Mgeni hali yake ileile! Hajafungua mdomo! Nimempaka mafuta asubuhi, ndani giza tupu! Njoo na hiyo dawa haraka kabla watu hawajajua!”

Wanawake wawili walikuwa wanapita na ndoo. Hili nililijua baadaye.

Nilifika Jumamosi na chupa yangu ya mafuta ya cherehani na mafuta ya taa. Nilikaa na mgeni mchana kutwa, kitambaa, tone, kitambaa, tone, na utomvu ukaanza kuachia kidogo kidogo, unatoka ukiwa na rangi ya chai ya rangi. Kisha nikakumbuka kwamba tangazo lilitaka na risasi. Nikalishusha lile kopo la maziwa, nikalifungua kwa ncha za vidole. Pamba ilikuwepo. Risasi haikuwepo.

“Labda baba yako aliitupa,” mama akasema.

Nikafurahi. Nasema kweli, nilifurahi, nikaona ni kitu kimoja kimepungua cha kumweleza polisi. Tukakubaliana kwamba Jumapili tunaacha mafuta yaingie, Jumatatu asubuhi tunampeleka.

Jumapili tulipotoka kanisani mama akaingia moja kwa moja chumbani kwake, ambako mgeni alikuwa amelazwa kitandani juu ya gunia. Kati ya chumba na sebule hakuna mlango, kuna pazia. Mimi nilikuwa sebuleni navua viatu nilipobishiwa hodi, na kabla sijaitikia vizuri balozi wa nyumba kumi alikuwa ameshaingiza kichwa. Nyuma yake alikuwa mama mmoja mhudumu wa afya wa kijiji, amevaa barakoa na glavu.

Nikasimama, nikaamkia, “Shikamoo baba. Shikamoo mama.” Wakaitikia marahaba, wakakaa kwenye viti vinavyotazamana na lile pazia. Nami nikakaa.

“Shemeji yuko wapi?” Balozi alikuwa anamwita baba kaka, kwa hiyo mama kwake ni shemeji.

“Yuko ndani, anapumzika.”

“Vizuri. Sasa mwanangu, tumesikia mna mgeni.”

“Mgeni gani?”

“Mgeni. Mgonjwa. Hafungui mdomo na mnampaka mafuta.” Akakohoa. “Mimi siji kwa shari. Lakini mtu halali kwenye nyumba zangu mimi nisijue. Siku hizi kuna wapita njia, wanatokea nchi za watu, wanafichwa majumbani, wakikamatwa mwenye nyumba naye anakamatwa. Hilo la kwanza.”

“La pili ni la kwangu,” mhudumu akasema ndani ya barakoa. “Mtu akifunga mdomo ni pepopunda. Pepopunda haipakwi mafuta, inapelekwa hospitali.”

“Hakuna mgeni,” nikasema. “Watu wamesikia vibaya.”

Na hapo mama, ambaye hakusikia hodi wala shikamoo wala chochote, akapaza sauti kutoka nyuma ya pazia, sauti ya furaha kabisa.

“Kamegeuka! Mwanangu, kale kaulimi ka mgeni kamegeuka! Kamelegea!”

Mhudumu akasimama. “Ulimi umegeuka?”

Nilitaka ardhi ipasuke. Nilikuwa namtazama balozi, nasubiri ainuke alivute pazia, na kichwani mwangu mama alikuwa ameshafungwa pingu. Lakini balozi hakuinuka. Ni mtu mpole, na amelelewa kwenye mila zilezile alizolelewa baba. Uso wake ulijaa huruma. Akauliza swali ambalo mtu yeyote wa kwetu angeuliza kuhusu mgonjwa aliye ndani ya nyumba.

“Lakini mgeni amekula?”

Alipandisha sauti mwishoni, kama tunavyopandisha sote tunapouliza. Nami nikaisikia ile nyingine, ya baba, ambayo haikupanda. Maneno yale yale mawili. Baba hakuwa ameuliza. Kila Jumapili ya maisha yangu alisema mgeni hajala, akatufundisha kuitikia, na hakuwahi kutufundisha jinsi ya kuitikia lile jingine, kwa sababu siku za kula mgeni hatukupaswa kuwa karibu. Nikaliona kopo. Nikawaona fisi na zizi na baba anarudi ndani bila kupiga. Risasi ilikuwa imo. Ilikuwa imo siku ile jicho langu lilipokuwa mdomoni na mama anasukuma kidole. Ilikuwa imo sasa hivi, na utomvu uliokuwa umeishika nilikuwa nimeuosha mimi, kwa mafuta mazuri, kwa ufundi wangu wote.

Nyuma ya pazia mama akasema taratibu, kama anayeongea na mtoto, “Haya, sasa ulale.”

“MAMA!” Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika uani. “MGENI AMEKULA!”

Kimya.

“Mama, usimguse! Amekula! Hakuwa anauliza! Baba hakuwa anauliza, alikuwa anatuambia!”

Balozi alikuwa ameduwaa, mhudumu ameshika kiti. Nilikuwa nasubiri mlio. Masikio yangu yalikuwa yanauma kwa kuusubiri. Kisha kitanda kikalia, na pazia likasogea, na mama akatoka mikono mitupu, ameipanua mbali na mwili. Kwenye jicho lake la kulia kulikuwa na duara la mafuta.

Nilimshika nikalia kama mtoto. Yeye hakulia. Macho yake yalikuwa kwa balozi.

Nikamweleza balozi kila kitu, hapohapo, bila mpangilio, na nilipofika kwenye neno bunduki mhudumu alikuwa ameshafika mlangoni. Balozi akanyanyuka, akalitazama lile pazia alilokuwa ametazamana nalo muda wote, akasogea pembeni yake. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye kipara.

“Tangazo halijaisha,” nikasema. “Tulikuwa tunaipeleka kesho. Naapa.”

“Shemeji,” balozi akamwambia mama, anasema kwa sauti ili amsikie. “Ninyi mmeniita. Mmeniita nije nishuhudie mnasalimisha. Au mimi nilikuja kufanya nini?”

Mama akaelewa mara ya kwanza, jambo ambalo ni nadra. “Tulikuita, shemeji,” akasema. “Umechelewa tu kufika.”

Tulisubiri nyuma ya zizi, mbali na nyumba. Balozi alipiga simu kutoka kichuguuni. Polisi walipokuja, mmoja alikuwa fundi wa silaha, mtu mzima, amenyoa ndevu vizuri. Aliingia ndani peke yake, akakaa sana, akatoka na mgeni amemshika mdomo ukitazama shamba la alizeti lililokwishavunwa. Alitembea naye mpaka katikati ya mabua. Tulimwona anapiga goti. Mama alinikamata mkono, kucha zake zikaingia. Kisha tukaona komeo linainuka, na kitu kidogo cha kijani kikadondoka kwenye vumbi.

Fundi alirudi nacho kwenye leso. Alieleza kwamba kale kaulimi ka nyuma ndiko kanakomzuia mgeni, kakiwa kamelala hafunguki wala hapigi, na kwamba baba alikuwa amekalaza kama mtu anayejua kazi. Halafu yale mafuta yetu yakakagandisha hapohapo.

“Nani amekageuza?”

“Mimi,” mama akasema. “Nilikuwa nimeshamwangalia mdomoni, nimezunguka nyuma nimlaze. Kidole kilikuwa tayari.”

“Ulikuwa umemwelekeza wapi?”

Mama akaonyesha kwa mkono, kupitia mlango wazi. Pazia, na mbele ya pazia viti vyetu. Fundi aliviangalia viti vile, akamwangalia balozi. Balozi akaenda kukaa chini ya ukuta.

Sikuacha kuogopa mpaka walipoandika kwamba mama amesalimisha kwa hiari, na hata baada ya hapo sikuacha. Walipokuwa wanaondoka mama aliuliza swali ambalo nilitamani asiliulize.

“Ametakata?”

Yule fundi angeweza kucheka. Alitoa komeo, akauinua mdomo wa mgeni juu, akafumba jicho moja. “Nauona mwanga, mama,” akasema. Mama akashukuru, akaingia ndani kunawa uso.

Jioni tulikaa jikoni, hatukuwasha hata redio. Mimi nilikuwa namlaumu baba kimoyomoyo, kisha namlilia, kisha namlaumu tena. Mama alikuwa anasonga ugali. Akasimama na mwiko mkononi.

“Mimi nilimjibu,” akasema. “Aliposema mgeni amekula, nilimjibu amekula.”

“Ndiyo, mama.”

“Akashusha pumzi. Uliona? Akalala. Alidhani nimeelewa.”

Siku hizi nyumbani kwetu hatuulizi kama mgeni amekula. Tunapakua tu.